Mwizi Ambaye Hakuwepo: Somo Kutoka Riwaya ya Polisi na Wachawi

Kijana mwenzangu, leo chukua Biblia ya Kikatoliki, ile yenye vitabu 73, maana sehemu moja tutakayosoma haimo kwenye Biblia nyingi za ndugu zetu Waprotestanti. Masomo ni mawili: 1 Samweli 28:3-25 na Danieli 13. Lakini kabla hatujafika huko, nina kitabu kingine cha kukusimulia, na nina kosa langu la kukiri.

Mwaka jana nikiwa likizo nyumbani, binamu yangu anayesoma Uingereza aliniachia riwaya inayoitwa Rivers of London. Imeandikwa na Ben Aaronovitch, ikatoka mwaka 2011. Dada mmoja wa jumuiya yetu alinikuta nayo, akasoma maelezo ya nyuma ya jalada, akashtuka. "Wewe si ndiye unatusomea masomo Jumapili? Unasoma vitabu vya uchawi?"

Nikacheka tu. Lakini swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Maana mwezi uleule, sisi vijana wa parokia, ambao wengi wetu hatujawahi kushika kitabu cha uchawi, tulichangishana hela tukampelekea mganga apige ramli. Na mimi nilichangia.

Polisi na wachawi wa London

Nianze na riwaya. Peter Grant ni konstebo kijana wa polisi ya London. Mama yake ametoka Sierra Leone, baba yake ni mwanamuziki wa jazi. Siku moja usiku analinda eneo la mauaji pale Covent Garden, anatokea shahidi anayesema ameona kila kitu. Tatizo ni moja tu: shahidi mwenyewe ni mzimu. Kuanzia hapo Peter anahamishiwa kwenye kitengo kidogo kinachoshughulikia mambo ya kichawi, chini ya Inspekta Mkuu Thomas Nightingale, ambaye mwenyewe ni mchawi. Peter anakuwa mwanafunzi wake.

Ni hadithi ya kubuni, tena ina ucheshi mwingi. Lakini kuna jambo mwandishi amelifanya kwa akili. Uchawi haumwondolei Peter kazi ya upelelezi. Bado anaandika kwenye kijitabu chake, anahoji watu, anaangalia picha za kamera za mitaani, anajaza fomu mpaka anachoka. Na uchawi wenyewe una gharama. Ukifanyika karibu na simu iliyowashwa, simu inakufa. Mtu akiuzidisha, ubongo wake unaharibika. Hakuna cha bure.

Sasa yupo Lesley May. Kama unapanga kukisoma, nisamehe, nitakumalizia utamu. Lesley ni rafiki wa Peter, wameanza kazi pamoja, na kwa kweli yeye ni polisi mzuri kuliko Peter. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza uso wake unaharibiwa vibaya, kwa sababu roho mwovu alikuwa ameutumia mwili wake. Vitabu vinavyofuata anaishi amevaa barakoa, huku madaktari wakijitahidi kwa kadiri ya uwezo wao. Basi kitabu cha nne, Broken Homes cha mwaka 2013, kinapofika mwisho, Lesley anamgeuka Peter na kuhamia upande wa yule mchawi hatari ambaye polisi wamekuwa wakimwinda. Baadaye tunakutana naye tena, na uso wake umerudi.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Lesley hakuanza kwa kupenda uovu, alianza kwa kuumia. Njia halali ilikuwa polepole, na hata ingefika mwisho isingemrudishia kila kitu. Upande wa pili alikuwepo mtu mwenye uwezo wa kumpa anachotaka haraka.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaligusa hilo hilo namba 2117. Inafundisha kwamba matendo ya uchawi ni kosa kubwa dhidi ya fadhila ya ibada kwa Mungu, hata kama nia ya mtu ni kurudisha afya. Zamani nilikuwa naona sentensi hiyo ni kali mno. Kwani mgonjwa ana kosa gani? Sikuielewa mpaka yalipotukuta sisi wenyewe.

Laki nne na ishirini

Kikundi chetu kilikuwa kinachanga hela ya hija, shilingi 30,000 kila mmoja. Siku ya kufunga hesabu, mwenyekiti akajumlisha michango yote iliyoandikwa: 1,740,000. Dada yetu mweka hazina akahesabu zilizopo, za mkononi na za kwenye simu: 1,320,000. Zimepungua 420,000.

Kikawa kimya. Macho yote yakamwelekea yeye. Ni dada mpole, anafundisha watoto wa chekechea, na wiki ile alikuwa amenunua simu mpya. Basi ikawa hivyo, simu mpya ikageuka ushahidi.

Baada ya yeye kuondoka, kaka mmoja akasema anamfahamu mtaalamu fulani ng'ambo ya mji. "Hatumwombi amroge mtu," akasema. "Tunataka tu atuonyeshe." Jamani, lile neno "tu"! Likatulainisha wote. Tukachanga. Mimi, msomaji wa masomo ya Jumapili, nilitoa elfu mbili.

Wakaenda watatu. Wakarudi na jibu: aliyechukua ni mwanamke, yuko karibu na hela, na ana kitu kipya mkononi. Tukatazamana, tukatikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza kama mtaalamu alikuwa amesimuliwa habari zote kabla hajapiga hiyo ramli. Alikuwa amesimuliwa, tena mpaka ile simu.

Jumapili iliyofuata mweka hazina hakuja kwenye mkutano. Na ile iliyofuata pia.

Mfalme anayebisha hodi usiku

Sasa fungua 1 Samweli 28. Wafilisti wamepiga kambi Shunemu, Saulo na Israeli wako Gilboa. Saulo anaona jeshi la adui, moyo unamtetemeka. Anamuuliza Bwana, lakini hapati jibu, si kwa ndoto, si kwa Urimu, si kwa manabii. Ndipo anawaagiza watumishi wake wamtafutie mwanamke mwenye pepo wa utambuzi. Wanamwambia yuko mmoja Endori.

Angalia kichekesho cha huzuni kilichopo hapa. Aliyewafukuza wapiga ramli wote katika nchi ni Saulo mwenyewe! Yeye ndiye alikuwa dola, yeye ndiye polisi. Sasa anavaa nguo za kujificha na kwenda kubisha hodi usiku kwa mtu yuleyule aliyemwinda. Mama yule anaogopa, anadhani ni mtego. Saulo anamwapia kwa jina la Bwana kwamba hatapata adhabu. Umeona? Analitumia jina la Mungu kulinda jambo ambalo Mungu amelikataza.

Na anapata nini? Samweli anamrudia yaleyale aliyokwisha kumwambia alipokuwa hai, kisha anamtangazia kwamba kesho yeye na wanawe watakufa. Saulo anaanguka chini kifudifudi, hana nguvu, maana hakula mchana kutwa wala usiku kucha. Aliyekwenda kutafuta ujasiri anaondoka na hofu mara mbili.

Saulo hakwenda Endori kwa sababu alikuwa haamini Mungu. Alikwenda kwa sababu Mungu alinyamaza, na yeye hakuweza kuvumilia kimya. Hapo nilijiona. Sisi nasi tulishindwa kukaa siku chache bila jibu. Katekisimu, namba 2116, inasema kwamba nyuma ya ramli na mambo yote ya namna hiyo kuna tamaa ya kutawala wakati, historia na hata watu wengine. Ndiyo kweli yenyewe. Hatukuwa tunatafuta hela tu, tulitaka kummiliki mtu kwa kumjua siri zake.

Kijana aliyeuliza swali moja

Sasa geukia Danieli 13. Wazee wawili, tena waamuzi wa watu, wanamtamani Susana. Anapowakatalia, wanamsingizia kwamba wamemfumania na kijana bustanini. Mashahidi ni wawili, ni watu wazima, wana heshima. Kesi imekwisha. Susana anapelekwa kuuawa.

Ndipo Mungu anamwamsha kijana mmoja, Danieli. Kijana kama wewe! Anapaza sauti, anawarudisha watu barazani. Na anafanya nini? Hatupi kura. Haiti mizimu. Anaagiza wale wazee watenganishwe, kisha anamuuliza kila mmoja peke yake swali moja: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine anataja mti mwingine kabisa. Uongo ukaanguka pale pale, na Susana akapona.

Kwangu mimi huo ni upelelezi mtakatifu. Roho wa Mungu hakumwondolea Danieli kazi ya kufikiri, alimpa ujasiri wa kufikiri wakati umati wote umeshaamua.

Mpelelezi wa Logroño

Usije ukasema hayo ni ya Biblia tu. Kanisa letu nalo limepita kwenye mtihani huu, na halikushinda kila mara. Tuwe wakweli.

Novemba 1610, katika mji wa Logroño nchini Hispania, mahakama ya Inkwizisheni ilitoa hukumu juu ya watu walioshtakiwa uchawi. Sita walichomwa moto wakiwa hai. Wengine watano walikuwa wameshakufa, zikachomwa sanamu zao. Eneo zima likashikwa na hofu, kila kijiji kikaanza kuona wachawi.

Mmoja wa majaji watatu wa mahakama ile alikuwa padre anayeitwa Alonso de Salazar y Frías. Mwaka 1611 alitumwa kuzunguka vijijini kuchunguza. Alipokea maelezo ya watu 1,802, wengi wao watoto. Watu walikiri wenyewe kwamba wamehudhuria mikutano ya wachawi usiku. Je, aliwaamini? Aliwachukua mmoja mmoja, akawauliza mkutano ulifanyika wapi na walipita njia gani. Majibu yakagongana. Walileta vyungu vya dawa na poda za kichawi, zikachunguzwa, zikaonekana hazina nguvu yoyote. Mwisho akawaandikia wakubwa wake kwamba hakupata ushahidi hata wa tukio moja, na kwamba kadiri watu walivyozungumza habari za wachawi ndivyo wachawi walivyozidi "kuonekana". Mwaka 1614 baraza kuu la Inkwizisheni likatoa maagizo mapya makali kuhusu ushahidi, na moto wa kuwachoma washukiwa wa uchawi ukazimika karibu kabisa katika mahakama zake, wakati sehemu nyingine za Ulaya uliendelea kuwaka kwa miaka mingi.

Salazar alikuwa padre, aliamini shetani yupo, kama sisi tunavyoamini. Lakini alijua pia kwamba shetani anaitwa baba wa uongo, na kwamba kumsingizia mtu ni kazi anayoipenda sana.

Madaftari mawili

Turudi kwetu. Usiku mmoja nilikuwa narudia sehemu ambayo Peter anaandika maelezo ya shahidi, nikajiuliza: hivi sisi tumefanya hata hilo? Tumekwenda kwa mganga kabla hatujasoma daftari letu wenyewe!

Kesho yake nikamwomba mwenyekiti anipe kumbukumbu zote. Yalikuwa madaftari mawili. Moja la katibu, aliloandika waliolipa kwenye mikutano. Jingine la mweka hazina, aliloandika waliotuma kwa simu. Mwenyekiti alikuwa ameyajumlisha yote mawili. Nikaanza kusoma jina moja moja.

Majina 14 yalikuwa kwenye madaftari yote mawili.

Walikuwa wametuma hela kwa simu, kisha wakaja mkutanoni wakamwambia katibu "mimi nimeshalipa", naye kwa nia njema akawaandika. Mistari 58, watu 44. Kumi na nne mara elfu thelathini ni laki nne na ishirini. Nilirudia hesabu mara tatu, nikauliza na wale 14 mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa amelipa mara moja tu.

Hakukuwa na mwizi. Yule mtaalamu alikuwa "amemwona" mwanamke akichukua hela ambazo hazikuwahi kuwepo.

Tulikwenda nyumbani kwa yule dada, mwenyekiti, katibu na mimi. Mama yake akatukaribisha, akatupa viti. Shikamoo yetu aliiitikia, lakini hakukaa nasi. Tukaeleza, tukaomba msamaha. Dada akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nyinyi mmenijua miaka sita. Yule amenijua dakika kumi, tena bila kuniona." Akasema ametusamehe. Naamini ametusamehe kweli, maana Misa anakuja na amani tunapeana. Lakini kwenye kikundi hajarudi mpaka leo.

Mimi nilikwenda kwenye Kitubio. Padre aliniambia, pamoja na malipizi, kwamba ukweli utangazwe palepale uongo ulipotangazwa. Jumapili ile nikasimama mbele ya wenzangu wote. Kusoma somo la Misa hakujawahi kunitetemesha miguu kama siku ile.

Kwa nini hili ni letu

Kwetu Tanzania neno "ramli chonganishi" tunalisikia kila mara kwenye taarifa za polisi na za viongozi. Kwetu sisi ilimpoteza dada mmoja kwenye kikundi. Kwingine imemwaga damu. Katika mikoa kama Shinyanga, bibi zetu wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wakati wekundu ule mara nyingi umetokana na moshi wa kupikia kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka nenda rudi. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya maneno ya waganga. Machi 2009, akiwa Luanda nchini Angola, Papa Benedikto wa 16 alizungumza kwa uchungu juu ya watu wanaoishi katika hofu ya mapepo, hata kufikia kuwahukumu watoto wa mitaani na wazee kuwa ni wachawi. Akawataka Wakatoliki wawapelekee watu hao habari ya Kristo aliyeshinda kifo na nguvu zote za giza.

Je, tusome riwaya kama ile? Jibu langu kwa yule dada wa jumuiya ni hili: hadithi ya kubuni siyo ramli. Lakini ukiona inakuvuta ujaribu yaliyomo, funga kitabu, zungumza na padre wako. Mimi sikuangushwa na kitabu, niliangushwa na elfu mbili niliyoitoa mfukoni nikijua ninachofanya.

Tufanye nini?

1. Kitu kikipotea, anza na karatasi. Soma daftari, hesabu upya, uliza watu mmoja mmoja kama Danieli.

2. Usitaje jina la mtu bila ushahidi. Amri ya Nane haipumziki kwa sababu una hasira.

3. Wizi ukiwa wa kweli, nenda kwa viongozi wa kikundi, serikali ya mtaa na polisi. Ndiyo, njia hiyo inaweza kuchelewa. Kuchelewa kunauma, lakini hakumhukumu asiye na kosa.

4. Tofautisha mambo. Mzee anayekupa mitishamba ya kikohozi si sawa na anayekutajia mchawi wako au kukufunga hirizi. Huyo wa pili achana naye.

5. Kama umeshakwenda, usikate tamaa. Rudi kwenye Kitubio, tupa ulichopewa, na kama kuna mtu ulimchafua, msafishe hadharani.

Maswali ya kutafakari

Ni wakati gani Mungu alinyamaza ukatafuta "Endori" yako? Kuna mtu yeyote unayemshuku leo bila ushahidi? Kama ungekuwepo kwenye kile kikao chetu, ungesema nini kabla kofia ya mchango haijakufikia?

Sala

Ee Bwana Yesu, wewe ulihukumiwa kwa ushahidi wa uongo, unajua uchungu wa kusingiziwa. Utusamehe tulipokimbilia giza kwa sababu mwanga ulichelewa. Uwaponye wote waliochafuliwa jina na ndimi zetu. Utupe uvumilivu wa kungoja, akili ya kuuliza, na ujasiri wa Danieli wa kusimama peke yetu. Amina.

Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu, utuombee.

Wiki hii soma Danieli 13 yote, na kama una daftari la kikundi mikononi mwako, lisome pia. Tumsifu Yesu Kristo!